Usiposoma Utaishia Gereji

Kwa miaka 38 nilisimama mbele ya watoto wa watu, chaki mkononi, na sentensi moja ikiwa tayari mdomoni. Sentensi hiyo haikuandikwa katika mtaala wowote, wala hatukuifundishwa katika Chuo cha Ualimu Marangu, nilikohitimu mwaka 1972. Tuliirithi kwa walimu wetu kama tulivyorithi fimbo. Ilisema hivi: "Usiposoma utaishia gereji."

Nimeisema darasani, nimeisema kwenye mstari asubuhi, nimeisema mbele ya wazazi siku za kufunga shule, na wazazi wakapiga makofi. Leo nimestaafu, nina miaka 74, na ninaandika kurasa hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuitubia sentensi hiyo. Ya pili ni kuwashitaki wale wanaotaka kuitekeleza kwa tingatinga.

Msomaji asiyeifahamu Arusha aniruhusu nimwelekeze kidogo. Mimi naishi Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji. Jina linajieleza lenyewe: ni mahali pa mtu wa Rombo. Ndivyo tulivyo watu wa mji huu, hatungoji baraza la madiwani likae ndipo mahali papate jina. Palipokuwa na kinu cha kusaga unga tukapaita Unga Limited, na hata mtoto aliyezaliwa jana anapanda daladala ya Unga Limited bila kuuliza kinu kiko wapi. Kwa desturi hiyohiyo, nchi nzima tunakiita kituo chochote cha mafuta "sheli", hata kama bango lake linasema jina jingine kabisa. Vituo vya BP vilipogeuka Puma mwanzoni mwa miaka ya 2010, bango lilibadilika, rangi ikabadilika, lakini makonda hakubadilika. "Sheli wapo?" Anauliza vilevile hadi leo.

Basi sisi ni hodari wa kutunza majina. Vitu vyenyewe ndivyo vinavyotushinda.

Sheli ninayotaka kuizungumzia haipo Kwa Mrombo. Kwetu huku zilizopo ni mpya, zenye paa la bati linalong'aa na taa nyeupe, na kila nikienda mjini naona nyingine imechomoza kando ya barabara kama uyoga baada ya mvua. Hii yangu ipo katikati ya mji. Sitaitaja mtaa wala mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe yu hai, shauri halijaisha, na sikukusudia mtu aonyeshwe vidole. Wazee wa Arusha wataitambua kwa sura. Ni ile yenye paa la zege lililotanda mbele kama mkono wa mtu anayekinga jua usoni, likishikiliwa na nguzo mbili nyembamba. Nyuma yake kuna ofisi yenye dirisha linalozunguka kona. Kando ya ofisi kuna vyumba viwili virefu vya gereji, kimoja kikiwa na lile shimo la fundi kushukia chini ya gari. Ilijengwa enzi za Mwingereza. Pampu zake ziling'olewa zamani, lakini gereji haikufa. Mafundi walibaki, kwanza wawili, kisha sita, leo ni zaidi ya ishirini ukihesabu wanafunzi wao, wauza vipuri, mziba pancha na mama anayewapikia.

Nilipaona mahali hapo mara ya kwanza mwaka wa Uhuru, 1961. Nilikuwa na miaka 10. Baba alinipandisha kwenye lori la kahawa kutoka kwetu Nkoaranga, tukashuka mjini jioni. Sisi watoto wa mlimani tulizoea kwamba jua likizama, ulimwengu unafungwa hadi asubuhi. Siku ile jua lilizama, na chini ya paa lile la zege ulimwengu ukaendelea. Taa ziliwaka. Mtu aliyevaa ovaroli alimimina maji katika rejeta ya lori letu, mvuke ukapanda, akacheka na baba kana kwamba walikuwa marafiki. Nilimwuliza baba yule ni nani. Akanijibu, "Ni fundi." Alilitamka neno lile kwa heshima, kama mtu anavyotaja mganga au mchungaji. Miaka michache baadaye, siku za Pasaka, tulikwenda kupanga mstari kutazama magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo enzi hizo yalipita Kenya, Uganda na kwetu. Magari yalifika yamepakwa matope mpaka madirishani. Wenzangu walishangilia madereva. Mimi niliwatazama mafundi waliokuwa wakilala chali chini ya gari ambalo bado lilikuwa la moto.

Je, mtoto yule aligeukaje kuwa mwalimu wa ile sentensi? Nimejiuliza sana. Jibu halinipendezi. Tulisomeshwa ili tuondoke mikononi. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akasema waziwazi kwamba shule isimfundishe mtoto kudharau kazi ya mikono. Tuliisoma chuoni, tukaijibu kwenye mtihani, tukafaulu. Kisha tukaenda mashuleni, tukalima shamba la shule saa mbili, tukanawa mikono, tukarudi darasani kumwambia mtoto kwamba akishindwa mtihani ataishia gereji. Shamba lilikuwa la kujitegemea, ulimi ulikuwa wa mkoloni.

Nataka niseme jambo moja kuhusu mtihani huo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 nchi ilikuwa taabani. Bei ya mafuta ulimwenguni ilikuwa imepanda mara mbili, mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na katikati yake tulipigana vita vya Kagera. Fedha za kigeni hazikuwepo. Zilikuwa nyakati za foleni za petroli na za vibali, nyakati ambazo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Vipuri havikuletwa. Katika miaka hiyo mafundi wa sheli ile walikata bushi za gari kutoka kwenye tairi kuukuu, wakachonga kwa tupa kile ambacho kiwanda cha Ulaya kilikichonga kwa mashine, wakafunga springi iliyokatika kwa vipande vya mpira. Mwaka mmoja Land-Rover iliyobeba mitihani ya darasa la saba ilikatika ekseli ikiwa njiani kuja kwetu. Ilivutwa mpaka kwenye gereji ile. Mafundi walikesha. Alfajiri mitihani ilifika shuleni kwangu ikiwa imefungwa kwa lakiri, kavu, kwa wakati.

Watoto wangu 45 wakaufanya. Wakachaguliwa watatu kwenda sekondari. Waliobaki nikawatazama kwa huruma, maana nilijua wataishia wapi. Haikunijia hata mara moja kwamba bila waliokwisha kuishia huko, mtihani wenyewe usingefika. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana wakunga nikiwa kitandani mwa uzazi.

Wiki kadhaa zilizopita nilipeleka pikipiki ya mjukuu wangu pale sheli. Fundi mkuu ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mvi za kwanza. Alifuta mikono kwa tambara, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hunikumbuki?"

Sikumkumbuka. Akanitajia mwaka na darasa, akanikumbusha alikokuwa akikaa, dawati la mwisho karibu na dirisha. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha mzaha wa zamani: "Mwalimu, wewe ulinitabiria. Uliniambia nitaishia gereji. Nimeishia hapa."

Wafanyakazi wake walicheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Ndipo aliponionyesha karatasi. Ilikuwa notisi ya siku 90. Mwenye mali anataka kiwanja chake. Sheli itabomolewa, patajengwa ghorofa la fremu za biashara. Mchoro nao ulikuwapo, umebandikwa ukutani kwa gundi: vioo vya buluu kuanzia chini hadi juu, vigae mbele, na miti ya kuchorwa ambayo haioti katika ardhi yetu.

Kuanzia hapo, ndugu msomaji, nimekuwa mzee msumbufu. Nimekwenda kwa mwenye mali, nimekwenda ofisini, nimeketi kwenye mabenchi na kuambiwa nirudi kesho. Kote nimepewa majibu manne, na ninataka niyajibu hapa moja baada ya jingine, maana ofisini husikilizwi hadi mwisho.

Jibu la kwanza: mwenye mali ana haki ya kula mali yake. Kweli kabisa. Mimi si mtu wa kumwambia mrithi aishi kwa njaa ili mimi nitazame paa ninalolipenda. Lakini namwomba ahesabu kama mfanyabiashara. Atembee mjini aone ni fremu ngapi zimeandikwa "inapangishwa" kwa rangi mlangoni, na rangi yenyewe imeanza kufifia. Kila anayejenga anajenga fremu zilezile, kwa vioo vilevile, kwa mpangaji yuleyule ambaye hajazaliwa. Kubomoa ni gharama, kujenga ghorofa ni mkopo, na mkopo haungoji mpangaji. Pale sheli ana paa tayari, ana kuta, ana uwanja mpana mbele ambao magari yanaingia na kutoka bila kusumbua barabara, na ana wapangaji ambao wamelipa kodi kwa miongo. Kulifanyia jengo hilo matengenezo na kuligawa kwa biashara mpya ni kazi ya hatua kwa hatua: chumba hiki mwaka huu, kile mwaka ujao, kila kimoja kikichangia kinachofuata.

Jibu la pili: jengo ni bovu. Nani amelipima? Rangi imebanduka, kweli. Kuta zina oili, kweli. Mimi nami rangi yangu imebanduka, lakini hakuna aliyeleta notisi. Zege lina magonjwa yake: nondo zikipata kutu hutanuka na kulipasua, na maji yakituama juu ya paa la bapa huingia taratibu. Magonjwa hayo mhandisi huyaona, huyapima, na mengi hutibika. Apelekwe mhandisi. Akisema paa litaua watu, nitakuwa wa kwanza kushika kamba kuzuia watoto wasisogee. Mpaka sasa aliyelihukumu ni mchoraji wa ghorofa, na ng'ombe hakabidhiwi mchinjaji ili aseme kama anaumwa.

Jibu la tatu lilitolewa na kijana mmoja mwenye shahada: jengo hilo si la kihistoria. Akanieleza Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa majengo ya kabla ya mwaka 1863. Sheria ninaijua. Inalinda hata mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Naiheshimu. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba jengo jipya zaidi nalo lilindwe, na hata bila Waziri, hakuna sheria inayotuamuru kubomoa kila kisichotajwa. Mwaka 1863 mji wa Arusha haukuwapo. Tukingoja kipimo hicho, hatutakuwa na historia yoyote katika mji huu.

Tena tazama sisi wenyewe tumefanya nini na majengo ya wakubwa. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, babu zetu. Lilikuwa ngome, likawa ofisi za serikali, na tangu mwaka 1987 ni makumbusho. Ukumbi wa Kaloleni ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 ulikuwa kituo cha ustawi wa jamii kilichojengwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1977 ukafanywa Makumbusho ya Azimio. Maghorofa ya AICC yalijengwa kwa ajili ya ile Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, majengo yakabaki bila mwenyewe. Je, tuliyabomoa? La hasha. Tukayafanya kituo cha mikutano, na kuanzia mwaka 1995 hadi 2015 Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda ikafanya kazi humo. Mji huu unaishi kwa majengo yaliyobadilishiwa kazi. Ni ujuzi wetu. Inakuwaje basi boma la aliyetupiga tulihifadhi, na gereji ya aliyetusukumia gari tuivunje?

Jibu la nne: hakuna mahali penye mfano wa kuhifadhi sheli. Hapa mwalimu wa zamani alirudi kwenye vitabu. Nenda Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Mwaka 1938 mhandisi Mwitalia, Giuseppe Pettazzi, alijenga pale kituo cha mafuta kinachoitwa Fiat Tagliero, chenye umbo la ndege. Mabawa yake mawili ya zege, kila moja kama mita 15, yametanda hewani bila nguzo hata moja. Husimuliwa kwamba wajenzi waliogopa kuondoa magogo ya kuegemeza, na Pettazzi akamtolea bastola msimamizi wao. Sijui kama ni kweli, ila mabawa hayakuanguka. Waeritrea walipigana miaka 30, tangu 1961 hadi 1991. Walikuwa na kila sababu ya kusema kituo cha mafuta cha Mtaliano ni upuuzi. Badala yake walikitengeneza upya mwaka 2003, na mwaka 2017 mji wa Asmara ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Asmara haikuwa tajiri kuliko Arusha.

Ulaya na Amerika nako mifano ipo. Denmark wana kituo cha Skovshoved, kilichobuniwa na Arne Jacobsen mwaka 1936. Kilitengenezwa, na ndani yake kukafunguliwa duka la aiskrimu. Huko Montreal, Kanada, kituo cha Mies van der Rohe cha miaka ya 1960 kilifungwa mwaka 2008, na mwaka 2011 kikafunguliwa kuwa mahali pa vijana na wazee kukutana. Mfano huo wa mwisho ulinigusa, maana mzee wa Montreal na mzee wa Kwa Mrombo shida yao ni moja: hawana pa kukaa palipo na vijana. Marekani nao, idara yao ya hifadhi ya taifa ilitoa mwongozo mzima mwaka 2008 wa namna ya kutunza sheli za zamani na kuzipa kazi mpya. Wenzetu wameona kwamba karne ya 20 ilikuwa karne ya gari, na asiyetunza mahali pa gari amejifutia karne nzima.

Nimeyajibu manne. Lakini nisionekane kwamba nipo upande wa kila anayetamka neno "hifadhi". Wapo ambao nawaogopa kuliko mwenye tingatinga. Hawa watakuja na rangi nyekundu. Wataipaka pampu ya zamani, wataisimamisha mlangoni watalii waipige picha, wataweka mgahawa ndani, na kikombe cha kahawa kitauzwa kwa fedha ambazo fundi hula siku nzima. Mafundi watakuwa wamehamishwa. Ukutani itatundikwa picha ya fundi, kubwa, nyeusi na nyeupe, na fundi mwenyewe mlinzi atamzuia getini kwa sababu ya ovaroli. Huo nao ni ubomoaji, tofauti ni kwamba kuta zimeachwa.

Tena kuna jambo ambalo rangi hailifikii. Chini ya kila sheli ya zamani kuna matangi ya chuma. Chuma kikikaa ardhini miaka 60 hula kutu, na kutu hutoboa. Petroli ya enzi zile ilitiwa madini ya risasi, nasi tuliendelea kuitumia hadi kufika mwaka 2006, Afrika ya kusini mwa Sahara ilipoachana nayo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Petroli yenyewe ina benzini, ambayo huleta saratani ya damu. Ongeza oili chafu iliyomwagwa nyuma ya gereji tangu enzi za Mwingereza, na mafundi wangu nao wasinikasirikie, kwani wameimwaga wao pia. Maji ya Mlima Meru hushuka kuelekea kusini. Sisi wa Kwa Mrombo tupo kusini. Maji yetu ya Arusha tayari yana floridi ya kutosha kuyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Hatuhitaji zawadi nyingine kutoka juu.

Kwa hiyo, yeyote atakayeshinda, awe mwenye ghorofa au mwenye rangi nyekundu au mzee msumbufu, kazi ya kwanza ni moja. Matangi yafunuliwe, yanyonywe mabaki, yaondolewe gesi na watu wenye ujuzi, maana tangi tupu lenye mvuke ni bomu. Yang'olewe. Udongo upimwe, na ule uliochafuka uondolewe na upelekwe panaporuhusiwa, usimwagwe korongoni usiku. Lile shimo la fundi nalo lipimwe, kisha lifunikwe vizuri. Asiuze mtu chakula humo ndani kabla ya vipimo kutoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka msingi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Basi historia ya mahali hapo ifuatwe, na bili imfuate aliyechota faida. Nilipouliza juu ya matangi pale ofisini, walitazamana. Katika ule mchoro wa vioo vya buluu hayakuonyeshwa popote. Walikuwa tayari kujenga ghorofa juu yake.

Baada ya hapo ndipo tuongee biashara. Nimekaa pale siku nyingi na daftari, kama nilivyozoea kukagua madarasa. Chini ya paa la zege pana kivuli tangu saa nne hadi machweo: hapo pawe pa magazeti, pa kahawa ya birika inayouzwa kwa bei ya kijiwe, na pa mziba pancha, ambaye hahitaji zaidi ya karai la maji na pampu. Ofisi yenye dirisha la kona inafaa duka la vipuri vya pikipiki, maana wateja wameshajaa uwanjani. Chumba kimoja cha gereji kibaki gereji, chenye sakafu isiyopitisha oili na pipa la kukusanyia oili chafu. Bodaboda na bajaji za umeme zimeanza kuingia nchini. Mahali ambapo gari lilijaza petroli, pikipiki ijaze chaji, na mafundi wale wajifunze umeme kama walivyojifunza dizeli. Chumba cha pili wapewe washonaji, mafundi simu na mafundi redio. Na pembeni liwekwe benchi refu na ubao, kwa ajili ya wale vijana wanaojifunza. Serikali ilianzisha VETA mwaka 1994, ni jambo jema, lakini nafasi hazimtoshi kila mtoto, na fundi wangu yule amewafundisha vijana zaidi ya 20 bila ada, bila ruzuku na bila mwalimu yeyote kumtembelea. Mimi mwenyewe nilikuwa Mwalimu Mkuu kwa miaka 19. Nilipoona namna anavyomwacha kijana akosee, angoje, kisha amwulize "umesikia sauti hiyo?", nilitambua kwamba nilikuwa nimesimama nyuma ya mwalimu bora kuliko mimi.

Nimemwomba radhi. Nilifanya hivyo mbele ya vijana wake, kwa kuwa mbele ya watoto ndipo nilipomkosea. Aliona haya kuliko mimi. "Aa, Mwalimu, yamepita hayo." Lakini hayajapita, notisi imebakiza siku 41. Nimeandika barua kwa baraza la jiji na nakala kwa mwenye mali, nimeeleza yote niliyoyaeleza hapa, nikasaini jina langu kamili na cheo changu cha zamani, pengine kitanisaidia.

Juzi jioni fundi alinipigia simu. Alitaka kuuliza kama huku kwetu Kwa Mrombo kuna kiwanja cha kukodi, endapo itabidi wahame. Nilimwambia viwanja vipo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna chenye paa, kwa sababu mvua za masika zinakuja na gari huwezi kulifungua injini likinyeshewa.

Nikamwambia, mwanangu, paa unalo. Usihame kwanza.